Ukikwama kwenye chemsha bongo ya gazeti, mfuate mwenye neno lake

Chemsha bongo ya Jumapili iliyopita majibu yake yametoka leo, kwa hivyo sasa naweza kuizungumza bila ya kumharibia mtu. Wiki nzima simu haijatulia. Nliandika tu kwenye status kuwa nimeimaliza yote, basi watu wakaanza, umewezaje, ile ya safari hii si mchezo, mie nimekwama pembe ya chini kulia, mie nusu ya juu yote tupu, hebu nitumie majibu. Majibu sikumtumia mtu. Sio uchoyo, ila ukishayaona tu raha yote imekwisha na huna tena cha kufanya mpaka Jumapili nyengine. Lakini namna nlivyosaidiwa hiyo nnaieleza kwa furaha, manake nlisaidiwa khasa, na watu tofauti, na ndo nnachotaka kukisema leo: fumbo la maneno la Kiswahili likiwa gumu halimalizwi na mtu mmoja aliyejifungia ndani na kamusi yake, linamalizwa na mtu anayejua neno hili liko kwa nani, akenda kumuuliza, tena akamuuliza vizuri.

Hapo kwenye kuuliza vizuri ndipo wengi wanapokwama kwa mara ya pili.

Ntaanza na lile lililowasumbua watu kuliko yote, kumi mlalo. Swali lilikuwa "Mdudu atoaye mwanga usiku", vijumba kumi. Karibu kila mtu aliyenipigia alikuwa ameandika KIMULIMULI, na ukihesabu limo, herufi kumi kamili, basi mtu anaandika kwa peni ya wino huyo anaendelea. Sasa hesabu na KIMETEMETE. Kumi pia! Tena angalia vizuri, yote mawili yanaanza na KIM na yote mawili herufi ya saba ni M, yaani hata ukiwa umeshapata herufi nne za kukatiza, ikiwa ndo hizo, bado huwezi kujua ni lipi. Aliyetunga anajua anachokifanya, mie namkubali moja kwa moja. Sasa kinachoamua ni kijumba cha tano. Ikiwa L ni kimulimuli, ikiwa T ni kimetemete, na kwenye kijumba hicho hicho cha tano ndipo linapoanza neno jengine la wima, herufi nne, swali lake "Nyuma ya chombo".

Nyuma ya chombo. Mwenzangu kazini alikuwa keshaingia jikoni, anawaza sufuria, anawaza sinia, anawaza kitako, na kitako hakiingii. Mie nkajua tu hicho ni chombo cha baharini, manake mtu wa pwani ukimwambia chombo kinatia nanga hawazi vyungu. Lakini kujua kuwa ni jahazi ni jambo moja na kujua nyuma yake panaitwaje ni jambo jengine. Sisi wa umri huu bahari tunaivuka kwa boti ya mwendo kasi, unakaa kwenye kiti unaangalia tivii, ukitaka kwenda nyuma unasema naenda nyuma, basi.

Nnaye ami yangu alikuwa nahodha. Zamani akipakia boriti na simenti na mifuko ya kila kitu, Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa, siku hizi kazi yake ni kukaa barazani Malindi hapa Unguja karibu na diko na kuangalia vyombo vya wenziwe vinavyoingia. Nlimfuata baada ya laasiri, kahawa imeshapita mara moja. Nikamuamkia, shikamoo ami, marahaba mwanangu, nyumbani wazima, wazima alhamdulillahi. Nikakaa. Sikumtolea gazeti. Nikamuuliza, ami, jahazi kule nyuma anakokaa mshika usukani munapaitaje?

"Tezi," akasema, wala hakufikiri. "Na mbele ni omo. Nyinyi husikii watu wazima wakisema tezi na omo marejeo ni ngamani?"

Nimeisikia methali ile tangu skuli, tumeiandika kwenye mitihani na maana yake tumeieleza, na wala sikuwahi kujiuliza tezi ni kitu gani hasa. Basi pale pale ikawa T, E, Z, I, na kimulimuli akafutika, akakaa kimetemete. Neno la bahari limetoa jibu la mdudu. Mambo kama haya ndo yanayonifanya niipende chemsha bongo, wallahi.

Na kwa vile nlikuwa nimeshakaa nkamuuliza na la pili. Gazeti lilisema "Uzito wa chombo kitupu", vijumba sita. Sasa ungemsomea mtu swali kama lilivyo angekurudishia, chombo gani, cha tani ngapi? Na yuko sawa, manake swali la gazeti limetungwa likupoteze, halikutungwa likuelekeze. Kwa hivyo swali ukaliweke upande, umuulize mtu juu ya kitu chenyewe. Nikamwambia ami, jahazi likishusha mzigo Mombasa likawa linarudi tupu, munatia nini ndani? Akachukua kile kikombe cha kahawa kidogo kisicho na mkono, akamwaga masimbi yaliyobaki, akakiweka juu ya jiwe la baraza akakisukuma kwa kidole kikaenda ubavu. "Unaona? Chombo kitupu kinalala hivi, upepo ukikipiga kinapinduka." Halafu akatia vijiwe viwili vya chini ndani ya kikombe akakisukuma tena, kikayumba kikasimama. "Farumi. Mawe, mchanga, chochote kizito, unakitia chini ngamani kule." F, A, R, U, M, I. Sita. Na ngama nayo nkaijua siku hiyo hiyo, ni kule chini kabisa ndani ya chombo ambako maji yanajikusanya, ndo maana methali inasema wa tezi na wa omo wote watarudi huko kutoa maji.

Alinipa na mengine ambayo hayakuwemo kabisa kwenye gazeti, jarari ile kamba ya kupandishia tanga, foromali ule mti tanga linakofungwa, na upepo wa matlai unaovuma asubuhi kutoka mashariki. Yote nimeyaandika nyuma ya daftari langu kwa sababu watunzi wa mafumbo wanapenda sana maneno ya bahari, na ndivyo inavyotakiwa, Kiswahili kimekulia pwani.

La jikoni nalo lilikuwepo. "Hukamulia tui", vijumba saba. Hapa wengi waliandika CHUNGIO, ni saba kweli, na ndicho tunachotumia majumbani sasa hivi, kile cha plastiki cha rangi rangi kinachouzwa Darajani. Lakini herufi ya pili ilikuwa I, na ile I imetoka kwenye neno CHINI ambalo halina shaka yoyote. Basi chungio haiwezi kuwa. Nikampigia bibi yangu, yuko Wete. Bibi ukimpigia simu huwezi kwenda moja kwa moja kwenye haja yako, lazma kwanza mvua imenyesha au haijanyesha, karafuu za mwaka huu zikoje, fulani kajifungua, fulani kahama, halafu ndo unaweka swali. Nikamwambia bibi kabla hazijaja hizi chungio za plastiki nazi mulikuwa munakamulia nini? Akanambia kwani mie nimeacha? Kifumbu.

Akanieleza kama vile nimekaa mbele yake, kimesukwa kwa ukindu mfano wa kijifuko, unatia nazi yako uliyoikuna ukaitia maji, unakikamata huku na huku unakipota kwa mikono miwili mpaka vidole vinauma, tui linashuka zito kwenye bakuli na chicha inabaki ndani. Na akasema tui la chungio ya plastiki haliwi zito vile hata ufanye nini, mimi kwa hilo namuamini, wali wa bibi naujua. Na hebu tizama, alivyosema chicha nikaangalia gazeti, ishirini na moja mlalo, "Mabaki ya nazi", vijumba sita. CHICHA. Sikuwa hata nimemuuliza.

Hiyo chicha nataka nisimame nayo kidogo kwa ajili ya wanaoanza, kwa sababu kuna kitu kinawatesa watu na hakuna anayewaambia. Kwenye Kiswahili tuna CH, SH, DH, TH, GH, NY, hizi ni herufi mbili mbili lakini sauti moja. Kuna watunzi wanaotia CH yote kwenye kijumba kimoja na kuna wanaoigawa vijumba viwili, na gazeti mara nyingi halisemi. Sasa chicha kwa mtunzi wa kwanza ni vijumba vinne na kwa mtunzi wa pili ni sita! Ukikosea hapo utakaa siku nzima unatafuta neno ambalo umeshalijua zamani. Kabla hujaenda popote tafuta swali moja rahisi lenye sauti hizo ulipime, kama hilo la kinyume cha juu, CHINI, likiingia kwenye vijumba vitano basi umejua sheria ya fumbo zima, likiwa vinne pia umejua. Na ule mkato wa juu kwenye ng'ombe hauna kijumba chake, ng'ombe ni sita tu.

La tatu lililonitoa nyumbani halikuwa la kwetu kabisa. "Ghala ya mahindi kijijini", vijumba saba, linaanza na K linaishia na E. Ami hajui, bibi hajui, wenzangu wote wa kazini ni watu wa Mjini na Ng'ambo, hawajui. Na usimlaumu mtu, mtu wa kisiwani chakula chake kimekuja na mifuko kutoka bandarini, ghala ya mahindi ataijulia wapi. Nikakumbuka jirani yetu wa ghorofa ya juu hapa Michenzani, mama mmoja wa bara, kakulia shamba huko Iringa. Nikapanda ngazi nkamuuliza, dada, nyumbani kwenu mahindi mukishavuna munayaweka wapi? Akacheka, akasema muda mrefu hajaulizwa habari za kwao. Kihenge, si kile cha fito, wanakikandika udongo nje na juu wanakifunika kwa majani, kimeinuliwa kidogo panya wasipande. Akanikaribisha chai na nkakaa mpaka magharibi. K, I, H, E, N, G, E.

Kwa hiyo hesabu yenyewe ni hivyo, bahari kwa ami, jiko kwa bibi, shamba la bara kwa jirani. Na kuna mwengine simsahau, mwalimu wa chuo cha Kurani. Ntakwambia kwa nini. Vitendo vya Kiswahili vya asili vinaishia na A, kula, kulala, kwenda, kukata. Ukiona swali linataka kitendo na kijumba cha mwisho umeshakijaza na herufi ya kukatiza na ni U au I au E, basi jua mara nyingi hilo neno limetoka kwenye Kiarabu, jibu, fikiri, safiri, samehe, dumu. Safari hii kulikuwa na "Onea huruma", sita, mwisho U. Mtu aliyekaa na Kurani kila siku hilo halimchukui hata dakika, rehemu. Sijui kama watu wanalijua hili la herufi ya mwisho lakini limenisaidia mno.

Na hapo hapo niseme jengine kuhusu herufi. Ukikwama na huna pa kwenda ila kumuomba mwenzako akupe herufi moja tu, usimuombe ya mwisho. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hivyo ukipewa ya mwisho umepewa kitu ambacho nusu ulishakijua. Likiishia na konsonanti basi ni jina la mtu au la nchi, Chad, Oman, Sudan, au neno lililokuja juzi. Omba ya kwanza. Ya kwanza ndo inayokufungulia kamusi, kamusi imepangwa kwa herufi ya mwanzo, hukupangiwa kwa mwisho. Na ukiweza kuomba mbili omba ya kwanza na konsonanti ya katikati.

Ingawa na konsonanti nazo zina mitego yake kwa sisi wa huku. Kulikuwa na "Wanafunzi husoma humo", tano. Nna S, nna U katikati, nna L. Mzanzibari yeyote hapo keshaandika SKULI, na mtu wa Dar keshaandika SHULE, na S, U na L zinakaa mahala pale pale kwenye yote mawili! Gazeti linatoka Dar, linakuja na boti ya asubuhi, kwa hivyo mtunzi kawaza shule, na muhogo wake pengine ni mhogo, na tungule zetu yeye kwake ni nyanya. Sio kwamba yetu ni makosa, yamo kwenye Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, la 2010, na mie kamusi hilo naliweka juu ya lile la TUKI la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa maneno ya visiwani, lakini unapojaza fumbo la mtu lazma uwaze kwa kinywa chake. Ukikwama kwenye neno rahisi kupita kiasi, jiulize wenzetu wa ng'ambo ya pili wanaliitaje.

Sasa kuna watu, tena wengine ni rafiki zangu, wanasema kuuliza ni kuangalizia. Ati chemsha bongo uichemshe bongo yako mwenyewe. Hili nalipinga kwa nguvu zote. Fumbo la mwanzo kabisa la aina hii lilichapwa tarehe 21 Disemba 1913 kwenye gazeti la New York World, mtunzi ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani. Lilikuwa na umbo la almasi na katikati tundu. Mle ndani kulikuwa na swali linauliza nyuzi za mti wa gomuti, herufi tatu, na gomuti ni mti wa Asia ya kusini mashariki, jamii moja na minazi, nyuzi zake zinasokotwa kamba. Jibu lake DOH. Niambie mtu wa New York wa mwaka huo angelijua wapi bila ya kumuuliza baharia au kwenda maktaba? Mtu wa Pemba anayeponda makumbi na kusokota kamba angekuwa karibu zaidi na jibu kuliko msomaji wa gazeti lenyewe. Yaani lilipozaliwa tu fumbo hili lilikuwa na neno la kwenda kuulizwa.

Na wenyewe waliuliza. Miaka ya 1920 mafumbo yalipopamba moto huko Marekani, kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio iliweka makamusi ndani ya treni zake abiria wajisaidie, na maktaba ya umma ya New York ililalamika kuwa wapenda mafumbo wamezizingira kamusi na ensaiklopidia mpaka wasomaji wengine hawapati. Baadae New York Times, ambalo lilianza kuchapa mafumbo yake 1942, likawa na namba ya simu ya kulipia, unapiga unapewa jibu la swali ulilokwama. Hilo la treni mimi limenigusa, natamani boti ya Pemba nayo iwekwe kamusi mbili tatu, safari ni ya masaa na watu wamekaa tu na simu zisizo na mtandao.

Na wale wanaosema aliye bingwa hamhitaji mtu, Januari 1942 wakati wa vita gazeti la Daily Telegraph la London liliitisha mashindano ya kumaliza fumbo lake kwa chini ya dakika 12, na baadhi ya walioshiriki wakaja kuitwa kimya kimya kufanya kazi Bletchley Park, kule walikokuwa wakizifungua siri za mawasiliano ya Wajerumani. Hao ndo mabingwa. Na huko walikopelekwa hakuna aliyekaa peke yake, walikuwa vibandani kwa makundi, mwenye hesabu, mwenye Kijerumani, mwenye jicho la mafumbo, kila mmoja ana kipande chake.

Lakini kwa nini niende mbali. Sisi wenyewe tumelelewa na vitendawili, na kwenye kitendawili msaada una utaratibu wake tangu zamani. Kitendawili! Tega! Anatega, munajaribu, munashindwa, basi anasema nipe mji. Unampa, nakupa Mkoani. Siutaki. Nakupa Chake. Anakubali, anaanza kusimulia alivyokwenda Chake akakuta hiki na kile, akala, akanywa, akarudi, ndo anakupa jibu. Kwa hivyo jibu kamili lina bei, unalitolea mji. Lakini kabla hujatoa mji unaruhusiwa kukisia, unaruhusiwa kuulizana na wenzako waliokaa, hakuna aliyewahi kusema hao wanaangalizia. Sisi kwenye kikundi chetu tumeuchukua utaratibu huo huo, herufi moja ni bure, kumpeleka mtu kwa mwenye neno ni bure, ila ukitaka neno zima unatoa mji, na mji wetu ni kahawa ya barazani kwa wote waliopo na kashata zake. Watu wamekuwa wanafikiri sana kabla ya kuomba neno zima, na hivo ndo tunavyotaka.

Wasaidizi wengine lakini, aa. Kuna yule anayekunyang'anya gazeti. Unamuuliza swali moja, saba wima, yeye keshalivuta, keshatoa peni mfukoni, anakujazia saba, nane, tisa na lile la kumi ambalo ulikuwa unalifurahia tangu asubuhi, na nusu yake si sahihi na ni wino. Huyo usimpe gazeti mkononi hata akiwa mkubwa wako, msomee swali kwa mdomo na gazeti ulikalie. Na kuna yule anayekwambia "hilo rahisi" halafu asiseme. Msaidizi mzuri ni yule anayekuuliza, una herufi gani mpaka sasa? Ukimpata huyo mshikilie. Na penseli, jamani, penseli na kifutio, kimulimuli kingewaumiza wachache zaidi kama watu wangetumia penseli.

Simu nayo watu wananiuliza, kwa nini usiandike tu mtandaoni upate. Nnaitumia kwa majina ya nchi, miji mikuu, mito, hayo inayajua vizuri, ukitaka nchi ya herufi nne itakupa Mali, Togo, Peru, Kuba, Oman kwa sekunde moja. Lakini mie sikuikuta farumi huko, nlikuta kwa ami na kikombe chake, na hata kama ningeiona imeandikwa nisingejua chombo kitupu kinavyolala ubavu. Na ami mwenyewe tangu siku ile ananiuliza, vipi, lile gazeti lenu limesema nini tena kuhusu vyombo? Sasa kila Jumapili ntampigia hata kama hakuna swali la bahari.

Haya, ya leo nimeianza asubuhi na pembe ya juu kushoto imeshakwisha, sehemu kubwa iliyobaki inakwenda, ila kuna moja imenikamata. Kumi na nne wima, "Hupuliza moto wa mhunzi", vijumba saba, herufi ya nne K, ya mwisho O. Kamusi sijafungua na sitaki kufungua kwanza. Ami hana, bibi kaniambia nimuulize fundi chuma, na mafundi chuma nnaowajua mie wote ni wa kuchomea mageti kwa umeme, moto wa kupuliza hawajauona. Mwenye babu au mjomba aliyekuwa akifua visu na majembe shamba huko, Unguja au Pemba, naomba amuulize kitu kile kinaitwaje na kinafanya kazi vipi, halafu anitumie herufi ya kwanza peke yake. Maelezo ya namna kinavyofanya kazi nayataka yote, neno zima asinitumie.